Siku Nne za Bangkok

Simel alikuwa dereva wa watalii, na kama madereva wengi wa watalii pale Karatu, aliharibiwa na masikio. Mwaka mzima yuko kwenye usukani, nyuma yake watu wanasimuliana walikotoka na wanakokwenda, na kila jina la mji alilolisikia alirudi nalo nyumbani. Mkewe Domitila alishazoea kula ugali na majina ya miji. Yalikuja, yakapita, na kodi ya nyumba ikabaki pale pale. Ila Bangkok haikupita, kwa sababu Bangkok alikuwa ameshafika Inosenti.

Huyu Inosenti ni mpishi wa kambi, mtu wa tambi na supu ya maboga. Mwaka juzi mgeni mmoja mwenye huruma nyingi kuliko akili alimlipia nauli, akaenda Bangkok, akazubaa huko siku tatu, akarudi na fulana yenye picha ya tembo. Tembo, jamani. Mtu anatoka Karatu, ambako tembo wanashuka kutoka msituni na kumaliza mahindi ya watu, anazunguka nusu ya dunia kwenda kununua tembo wa kuchorwa. Na tangu siku hiyo ukiongea naye habari ya mvua, atakwambia mvua ya Bangkok ikoje.

Basi ilipofika Aprili, mvua zikaanza, wageni wakakatika na magari yakaegeshwa. Inosenti akatangaza kwamba anakusanya watu watatu wa kwenda Bangkok siku nne, kwa gharama nafuu. Simel akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Ni safari ya bajeti," alimweleza Domitila, simu mkononi, akimwonyesha video. "Ona bajaji zao, zina taa kama disko. Ona soko liko juu ya maji. Ona treni inapita juu ya vichwa vya watu."

Domitila alikuwa anakunja nguo za mtumba alizokuwa akiuza mnadani. Aliangalia kidogo, akarudi kwenye nguo zake.

"Utalala wapi?"

"Hosteli. Vitanda vya juu na chini, watu kumi chumba kimoja."

"Bweni."

"Siyo bweni, Domi. Hosteli. Wazungu wote wanalala hivyo."

"Na kula?"

"Barabarani. Ndiyo utamaduni wenyewe, unakula walipo watu."

"Hapa mtu akila mihogo stendi unamwita mchafu."

Simel alicheka kile kicheko chake cha kazini, kile anachowachekea wageni gari linapokwama kwenye tope. Na huyu ndiye aliyewasema miaka yote wale wageni wa mabegi ya mgongoni, wanaokuja na maji yao ya kunywa, wanaogawana ndizi, halafu mwisho wa safari wanamshika dereva mkono kwa mikono miwili wakidhani hiyo ndiyo bakshishi. Aliwaita mikosi. Sasa alikuwa anajifunza kuwa mmoja wao, na alijifunza kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha hata kwenye kusoma majina ya ndege.

Alipanga kila kitu. Siku ya kwanza mahekalu, siku ya pili soko, siku ya tatu mto, siku ya nne kupumzika. Alichomwa sindano ya homa ya manjano na ile kadi akaiweka kwenye mfuko wa shati, ionekane. Alinunua sanduku la magurudumu, akalisimamisha sebuleni kando ya televisheni, ili mgeni akiingia aulize.

"Kila kitu kipo tayari," alisema jioni moja. "Kimebaki kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Nauli."

Domitila aliweka chini sweta aliyokuwa anaikunja. Alimtazama mumewe kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Nilikuwa nafikiria," Simel aliendelea, akitazama ukuta, "yule ng'ombe wa kule nyumbani."

"Ng'ombe gani?"

"Yule wako."

Lazima nieleze habari ya ng'ombe huyu. Domitila ni Mmbulu, mkulima kwa baba na kwa mama, na siku alipopelekwa kwa wakwe zake Kakesio alikuwa hajui neno la Kimaasai zaidi ya salamu. Wanawake walimsimamisha langoni pa boma wakamnong'oneza asiinue mguu mpaka asikie ameahidiwa nini, kwa maana bibi harusi anayeingia bure ameingia bure. Alisimama juani mpaka miguu ikafa ganzi. Akaja mkwe wake, mzee Parmuat, akasema mbele ya watu wote: ng'ombe jike. Akaingia. Tangu hapo mzee hakumwita Domitila wala mama fulani. Alimwita Pakiteng, naye akamwita Pakiteng, yaani watu wanaounganishwa na ng'ombe mmoja. Wakwe wengine walikuwa na maneno yao juu ya Mmbulu asiyejua kukamua. Mzee akiita tu jina hilo, wananyamaza. Ng'ombe aliachwa kule kwenye zizi la mzee, akazaa, na kila ndama alihesabiwa kuwa wa Domitila, hata yule aliyekufa kwa ukame.

"Ng'ombe yule hauzwi," alisema Domitila. "Uza saa yako. Uza televisheni. Uza hilo sanduku, bado lina karatasi. Yule mwache."

"Ni ng'ombe tu, Domi."

"Kama ni ng'ombe tu, kamwombe baba yako akupe wa kwake."

Simel alinuna. Alinuna vizuri sana, kwa ufundi, akisukuma sahani, akilala kifudifudi mchana, akijibu salamu za majirani kwa pua. Mtu mzima, ana ndevu, amenuna kwa sababu hajapelekwa Bangkok. Halafu siku moja akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Nauli imepatikana," alisema.

"Umeitoa wapi?"

"Mungu hamtupi mja wake."

Domitila hakuuliza mara ya pili, na hapo naye tumseme, maana si malaika. Alikuwa ameshajitangaza mnadani kwamba mume wake anakwenda Bangkok. Janeth, jirani yake mwenye saluni, alishamwagiza nywele za bandia, naye mwenyewe alishaagiza madera ya kuuza. Kuna maswali mwanamke hayaulizi kwa sababu anaogopa jibu litakula madera yake.

*

Sherehe ya kumuaga Simel ilifanyika Jumapili mchana. Palikuwa na pilau, soda, na madereva watano waliokuja kula. Kesho yake ndiyo ilikuwa safari ya kwenda uwanja wa ndege, na tiketi ilikuwa ilipwe Jumapili hiyo hiyo kabla ya jioni. Simel alisema hela zinakuja kwa simu wakati wowote, na kila dakika tano aliitazama ile simu. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya picha.

Inosenti, ndani ya fulana yake ya tembo, alisimama katikati ya sebule akifundisha. Alifundisha kuvuka barabara ya Bangkok, alifundisha kukataa bei ya bajaji, kisha akafika kwenye salamu.

"Mikono inakutana hivi, kifuani. Macho chini. Siyo hivyo wewe, unasali au unasalimia?"

Madereva wakabana viganja vifuani, sahani zikiwa mapajani. Domitila alikuwa amevaa gauni lake la kijani na amepaka rangi ya mdomo. Alikuwa anawaongezea watu pilau, na kusema kweli alikuwa na furaha. Simu ya Simel ikalia. Alisikiliza, na uso wake ukapauka. Alimshika mkewe kiwiko akamwingiza chumbani nyuma ya pazia.

"Mzee amekuja."

"Mzee gani?"

"Baba. Alikuwa ndugu yangu Senteu kwenye simu, yule wa Kakesio, anasema amempandisha gari alfajiri. Atakuwa ameshafika stendi, sasa hivi yuko kwenye bodaboda."

"Akaribie. Pilau ipo."

"Domi, nisikilize. Nilimwambia unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Tumbo. Kwamba unapasuliwa."

Kutoka sebuleni zilisikika sauti za madereva wakijaribu salamu ya Bangkok na kucheka.

"Ng'ombe wangu yuko wapi, Simel?"

"Nilimwambia Senteu wamuuze, watume kwa simu. Nani alijua mzee atabeba hela mwenyewe? Siku hizi nani anabeba hela mkononi?"

"Nimekuuliza ng'ombe wangu yuko wapi."

"Nitakununulia mwingine. Wageni wakirudi mwezi wa sita, naapa. Sasa wewe lala tu. Haingii humu, unajua mila, mkwe haingii anapolala mke wa mwanawe. Atakaa sebuleni, atatoa hela, ataondoka. Wewe kohoa tu kidogo."

"Tumbo halikohoi."

"Basi guna. Domi, nakuomba. Wenzangu wote wako pale. Ukinianika leo, sina mji wa kukaa."

Haya, nani asingemzaba kofi? Domitila hakumzaba. Alilelewa Mbulu na mama aliyemwambia kwamba mke ni blanketi, anafunika. Alivua viatu, akapanda kitandani na gauni lake la kijani, akajifunika mpaka kidevuni. Alijidharau mwenyewe kuliko alivyomdharau yule aliyekuwa anamtandikia shuka miguuni.

*

Mzee Parmuat aliingia na vumbi la njia nzima mabegani, lubega lake na fimbo, na chupa ya mafuta ya kondoo kwapani, dawa ya mwanamke mgonjwa. Aliwakuta watu wazima watano na mmoja mwenye picha ya tembo wamebana viganja vifuani, hawajui waipeleke wapi mikono yao.

"Baba," alisema Simel, "hawa ni wenzangu. Wamekuja kumwombea mgonjwa."

Hapo Inosenti, ambaye kanisani aliingia mara ya mwisho kwenye harusi ya mtu, alifumba macho.

"Ee Baba uliye juu," alianza kwa sauti nzito, "mguse dada yetu Domitila. Mguse tumboni, Baba. Ongoza mkono wa daktari, Baba."

"Amina," walijibu madereva, wengine na wali mdomoni. Janeth, aliyekuwa mlangoni na chupa ya soda, alitazama sakafu.

Mzee alisubiri mpaka wakamaliza, kwa adabu, akiwa amesimama. Kisha akatazama sanduku kando ya televisheni.

"Hilo?"

"Nguo za mgonjwa, baba. Za hospitali."

"Nguo nyingi," alisema mzee.

Alivuta kigoda akakiweka karibu na pazia, akakaa akiligeuzia mgongo, uso kwa watu, kama inavyompasa mkwe.

"Pakiteng," aliita. "Takwenya."

Nyuma ya pazia Domitila alifumba macho. Salamu ile haiachwi hewani, hata na mgonjwa.

"Iko," aliitikia, na sauti ilitoka dhaifu bila kuigizwa.

"Usiseme sana. Mimi nitasema." Mzee alikohoa kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha minadani, alikitoa polepole. "Nimekuja kuomba msamaha. Nimemuuza ng'ombe wako, sikukuuliza. Mwanamke akipewa ng'ombe langoni, ni wake. Hata mimi niliyempa, simgusi tena. Lakini mtoto huyu alisema huwezi kuongea. Nikasema, bora huyu mwanamke apone anichukie. Alikuwa na mimba, Pakiteng. Yule mnunuzi hakulipa mimba, alilipa mmoja tu. Nisamehe na hilo."

Hakuna aliyetafuna. Simel alijisogeza, akainama kwenye sikio la baba yake.

"Baba, lete hela niwahishe hospitali. Wanafunga."

"Nitapeleka mimi. Nataka kumwona huyo daktari. Twende."

"Baba, utachoka bure, wewe kaa upumzike, mimi na Inosenti..."

"Nimetoka Kakesio sijachoka. Hospitali iko hapa nichoke?"

Inosenti alitazama saa yake. Aliitazama kwa namna ya mtu mwenye tiketi, na Domitila, aliyekuwa ameshaketi kitandani na kuchungulia upenyoni, aliuona ule mtazamo. Mzee mzima amesafiri tangu alfajiri kumwomba msamaha, yeye Mmbulu asiyejua kukamua, na hawa wanatazama saa. Alishuka kitandani. Hakuvaa viatu. Alifungua pazia akatoka.

Mzee alisikia pete za pazia nyuma yake akainamisha uso haraka, kwa heshima. Kisha akaona miguu, pindo la gauni la kijani, na mwisho akainua macho akamwona amesimama wima.

"Umesimama," alisema.

"Nimesimama, baba."

Kilichofuata Domitila hakukitegemea. Uso wa mzee ulifunguka. Alicheka, meno mawili ya chini hayapo kama watu wa rika lake wote, akainua mikono na fimbo yake juu, akamshukuru Enkai, Mungu wake, kwa Kimaasai, kisha akawageukia madereva na machozi yanamtoka.

"Mmeomba, na amesimama. Sasa hivi. Nimeona mwenyewe."

Halafu, kwa maana mbuzi akiachiwa shamba hali jani moja, Inosenti akainua mkono.

"Bwana ametenda," alisema.

"Muujiza," alidakia Simel. "Baba, umeona? Muujiza."

"Wewe, mtu wa tembo," mzee alimwambia Inosenti, "nitakuletea dume la mbuzi. Lililonona."

"Nitalipokea, mzee," alisema Inosenti, bila kupepesa. "Nitalipokea kwa jina la Bwana."

Simel alimtazama mkewe. Janeth naye alimtazama, kwa macho ya mtu aliyeagiza nywele. Mlango ulikuwa wazi kabisa: apone tu. Aseme asante kwa maombi, ale pilau, mzee arudi Kakesio akisimulia muujiza mpaka afe, na kwa kuwa hakuna upasuaji, hela ibaki kwa mume, na mume aende zake. Ingebidi tu amwache mzee yule na furaha yake. Na furaha ile ilikuwa kubwa, na Domitila alimpenda, na ndiyo maana alishindwa.

"Baba, sikuumwa," alisema.

"Ulikuwa unaumwa. Sasa umepona."

"Sikuumwa hata siku moja. Hawa hawakuja kuomba, wamekuja kula. Mwanao anasafiri kesho. Alitaka nauli, nikamkatalia ng'ombe, akakwambia naumwa. Na mimi nililala pale makusudi, nikakuitikia salamu nikiwa mzima. Na mimi nisamehe."

Mzee alibaki amesimama. Furaha haikumtoka mara moja. Ilichukua muda, na wote walikaa wakiitazama inavyotoka. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Unakwenda wapi?"

"Bangkok, baba."

"Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu. Natembea tu."

"Unatembea kwa nani?"

"Siyo kwa mtu, baba. Ni mji. Watu wanakwenda kuuona."

"Utalala wapi?"

Simel alijifuta jasho. "Kuna nyumba ya wageni. Chumba kimoja tunalala watu kumi."

"Wa rika lako?"

Dereva mmoja alitaka kucheka, akakibana kicheko kikageuka kikohozi.

"Hapana. Watu tu."

"Umemuuza ng'ombe wa mke wako, na mimba yake," alisema mzee taratibu, kama anayejaribu kuelewa, "ukalale na watu tu."

Simel alitazama sanduku lake. Kweli angejibu nini? Aeleze treni inayopita juu ya vichwa vya watu?

Mzee alifungua fundo kwenye ncha ya shuka, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, akamwekea Domitila mkononi. Hakumkabidhi kwa maneno. Chupa ya mafuta ya kondoo akaiacha juu ya kigoda.

"Kaa ule, baba," alisema Domitila. "Kaa ulale. Hii ni nyumba yako."

"Nina mtu wa rika langu hapa karibu. Nitalala kwake. Mnada ukifika nitakuja, tutafute ndama jike. Utachagua wewe, Pakiteng."

Domitila aliinamisha kichwa. Mzee akaweka kiganja juu ya nywele zake akakiacha pale, akimbariki kwa maneno ambayo yeye aliyajua nusu tu. Machozi yalimdondoka kwenye gauni, hakuyafuta.

Simel alikuwa ameshawahi mlangoni. Kwao mtoto, awe mdogo au awe na mvi, haachani na baba yake mpaka ameinamisha kichwa na baba ameweka mkono. Mkono ule ukiwekwa, basi hata palipokuwa na ubaya, nyumba bado ni nyumba. Aliinama. Aliinama sana, kidevu kifuani, shingo nje, kile kichwa chake kilichonyolewa kwa ajili ya picha kikiwa mbele ya baba yake na mbele ya madereva wote.

Mzee alikitazama. Akasogeza fimbo yake isimguse, akapita.

Nje bodaboda iliwashwa, ikakata kona, mlio wake ukapotelea barabara ya lami. Mle sebuleni hakuna aliyenyanyua sahani. Simel alikuwa bado ameinama pale mlangoni, shingo nje, anasubiri.

"Inuka," alisema Domitila. "Ameshaondoka."